Mashine Yenu Haikoromi Kama Mama

Kwa Mganga Mfawidhi,

Shikamoo mzee.

Mie ni Venance, ila Gongo la Mboto nzima wananiita Dokta. Nimeuza dawa dukani kwa Salumu miezi minne na sijawahi kukosea. Nikimtazama mtu kisogo tu, najua kama ana malaria au uvivu. Basi nakuandikia kama mganga kwa mganga mwenzake.

Mama yangu, Bi Sesilia, yuko kwenye chumba chenu cha wagonjwa mahututi tangu Alhamisi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tulikuja jumuiya nzima, watu ishirini na wawili na kayamba, tumwombee. Mlinzi akasema, "Mmoja tu, dakika tano." Mzee, kwetu mgonjwa akitazamwa na mtu mmoja, majirani wanajua kagombana na ukoo.

2. Uji wa dada Jenipher mmeukataa, eti mama analishwa kwa mpira wa puani. Mama hajawahi kumeza kitu bila kukisema vibaya kwanza. Sasa huko puani atakosoaje?

3. Mashine inampumulia. Inajitahidi, sikatai. Ila mama anakoromaga, ukuta wa jirani unajua. Hiyo mashine inapuliza kistaarabu mpaka nakaa pale najiuliza kama aliyelala ni yeye. Ikipiga kelele naruka, nesi ananiambia, "Kaa, mdogo wangu, mpira umelegea tu."

4. Nesi huyohuyo, Anna, siku ile ya Alhamisi kaniuliza mara tatu, "Alianza kuhema hivi lini?" Nikamjibu, "Leo asubuhi, sista." Akaandika, akaniangalia, akauliza tena. Hospitali gani hii isiyomwamini Dokta?

Kwa hiyo naomba mama arudishwe nyumbani na mashine yake. Umeme upo. Ukikatika, ishirini na wawili tutampepea kwa zamu.

Nisalimie manesi, mlinzi pia japo hastahili, na yule bibi wa kitanda cha pili asiyepata mgeni.

Mwenzako katika tiba,
Venance (Dokta)

N.B. Haikuwa Alhamisi asubuhi. Ilikuwa Jumatatu. Jenipher alisema twende hospitali, mie nikasema mafua tu hayo, nikampa mama dawa ya kikohozi siku tatu, na yeye akawa anainywa kwa sababu aliyempa ni mwanawe. Tafadhali mwambie sista Anna arekebishe kwenye faili. Na mama asitolewe humo, hata nikiandika barua nyingine.