Pete ya Buhendwa na Vita vya Mashine Mbili

Sogeeni, enyi watu wa Kamembe na vilima vyake, nanyi mlio ng'ambo ya daraja, Bukavu! Tueni mizigo, zimeni redio, na mwenye pikipiki angoje kwanza na kofia yake mkononi. Nitawasimulia siku ile ambayo hata kuku waliacha kuchakura katika ua wa Buhendwa seremala, siku mashine mbili za kutafutia madini ardhini, moja ya kitajiri na moja ya bei nafuu, zilipokutana uso kwa uso mbele ya umati wa majirani. Mimi nilikuwepo. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karanga mkononi, na yote nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, isipokuwa yale yaliyotokea nilipokwenda kuongeza karanga.

Imbeni kwanza sifa za Buhendwa, baba wa Ushindi, simba wa randa, mshinda magogo, fundi wa vitanda visivyolia usiku! Mwanamume huyo, ambaye msumeno wake unasikika mpaka ziwani, aliamka Jumamosi asubuhi akatazama kidole chake, na kidole kilikuwa kitupu. Pete ya ndoa haikuwepo.

Wala haikuwa pete ya hivi hivi. Mwaka waliotaka kuoana, Buhendwa hakuwa na hela hata ya misumari. Antoinette ndiye aliyebeba sambaza wakavu, visamaki vya kisiwa cha Nkombo, kiangazi kizima, mgongoni, akivuka daraja kwenda Bukavu na kurudi, mpaka akanunua pete zote mbili. Buhendwa hajawahi kulisahau jambo hilo. Nimemwona mara nyingi akipumzika kazini, akiizungusha ile pete kidoleni. Na kesho yake, Jumapili, wanandoa wakongwe wa parokia walikuwa wasimame mbele ya altare, wainue mikono yenye pete na kurudia ahadi zao. Antoinette alikuwa ameenda Bukavu tangu Ijumaa kwa dada yake kuchukua kitenge cha siku hiyo, na angerudi jioni ya Jumamosi ileile.

Yowe la shujaa lilimleta kwanza Mukamana, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye hakuna jambo la kilima hiki lililowahi kumkuta amelala.

"Papa Ushindi, uliipotezea wapi?" akauliza.

Shujaa akavimbisha kifua. "Mu migomba! Jana nilikuwa nakata migomba, nguvu ikazidi, pete ikaruka!"

Hapo, wasikilizaji wangu, shujaa alisema uongo, nami nawaambia mapema msije mkasumbuka bure. Buhendwa hakukata hata jani. Jana yake alijifungia jikoni, mlango umefungwa kwa komeo, akamenya viazi vitamu kwenye beseni la maji, na pete ikateleza kwenye kidole kilicholowa. Lakini jueni desturi zetu. Kwenye kilima hiki mwanamume akichoma burosheti, mishikaki ya nyama, mbele ya watu anapewa heshima na kiti. Akishika kisu akamenya kiazi, habari zake zinafika sokoni kabla yake. Kwa hiyo shujaa wetu aliona heri kuipoteza pete mahali pa kiume.

Wakaitwa mabingwa wawili.

Wa kwanza alikuwa Munyemana, aliyezunguka misitu ya Kongo miaka mingi akitafuta dhahabu, akarudi na mashine nzuri ajabu na dhahabu hakuna. Alitokea kwenye njia ya migombani amevaa buti mpaka magotini, begi mgongoni, visikilizio vikubwa vimefunika masikio, na mbele yake mashine yenye sahani pana kama sinia la pilau. Bei ya mashine ile, alisema mwenyewe bila kuulizwa, ilikuwa ng'ombe mwenye mimba.

"Batu ya hapa, munisikilize!" akanguruma, kwa sababu mwenye visikilizio hajui anavyopiga kelele. "Hii mashini iko na kalite, iko ya ubora. Inasikia dhahabu mu udongo sawa vile mama anasikia mutoto wake analia. Yenye inakuja nyuma yangu, ile ya bei ya chini, muiache icheze na batoto!"

Aliyekuja nyuma yake alikuwa Kamali, mwana wa ukoo wa mafundi Waislamu wa Kamembe, mchomeleaji wa milango na madirisha, mnunuzi wa vyuma chakavu. Alishuka kwenye pikipiki akatoa mashine yake ndani ya mfuko wa unga. Ilikuwa mpya, nyembamba, nyepesi, na sahani yake ndogo kama kisahani cha kikombe. Aliiagiza kwa simu, kwa bei ya mbuzi wawili, na mmoja wao amekonda.

"Mzee Munyemana," alisema Kamali, mkono kifuani, "mimi nakuheshimu. Lakini chuma hakiulizi bei ya mashine kabla ya kujibu. Mwaka huu mafundi wa mbali wametia akili nyingi ndani ya hiki kidude. Leo watu wataona." Akasema Bismillahi, akaiwasha.

Basi vita vikaanza migombani. Lo, siku hiyo! Munyemana alipita polepole, mzito, akifagia ardhi kushoto na kulia kama mtu anayebariki shamba, na kila mashine yake ilipolia, ardhi ilitii. Ilitoa jembe lililozikwa chini kabisa, tangu enzi za mwenye shamba wa zamani. Ilitoa mfuniko wa sufuria. Ikatoa kijiko, na kilipofutwa udongo Mukamana alikirukia akakiinua juu.

"Muone! Muone wote! Kijiko ya Maman Ushindi! Mwaka muzima ananiangalia vibaya, anazania niko nacho!"

Umati ukampigia makofi kwa kusafishwa jina lake. Ule ulikuwa ushindi wa mashine ya kitajiri, nasi hatuwezi kuukana.

Na mashine ya Kamali? Ole wake, mwanzoni iliaibika. Udongo wetu mwekundu una chuma ndani yake, na ile mashine changa ilipoonja udongo huo ikapiga kelele bila kikomo, ikilia hapa, ikilia pale, ikilia hata ilipoinuliwa hewani kuelekezwa kwenye ndizi. Kamali alikaa chini akabonyeza vitufe huku jasho likimtoka, mpaka ikatulia. Ilipotulia ikapata vifuniko vya soda, vingi vya kutosha arusi.

Kisha mabingwa walipokaribiana likatokea jambo ambalo sijapata kuliona. Mashine zote mbili zilipiga mayowe kwa pamoja. Munyemana akasogea kulia, zikanyamaza. Akarudi, zikapigana tena. Zilikuwa zikisikiana zenyewe, zikitukanana kwa lugha yao, na wenyewe wakaanza kuzisaidia.

"Ondosha kidude yako, iko inavuruga mashini ya batu bakubwa!"

"Mashine kubwa haivurugwi na kidude, Mzee!"

Jua lilikuwa limeshaanza kuinamia upande wa ziwa. Simu ya Buhendwa ikalia. Sote tuliisikia sauti ya Antoinette, kwa kuwa shujaa kwa haraka alibonyeza kipaza sauti. "Papa Ushindi, niko ku daraja. Nikipata pikipiki nafika sasa hivi. Maji ya kuoga iko?"

"Iko," akasema Buhendwa, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya kuku.

Munyemana akavua visikilizio, akaegemea mashine yake kama mfalme kwenye mkuki. "Buhendwa, ndugu yangu. Nimepita hii migomba yote. Hapa dhahabu hakuna. Mashini yangu haidanganyi." Kamali, ambaye siku nzima hakukubaliana naye hata juu ya upande wa kivuli, akatikisa kichwa kukubali. "Na yangu inasema vilevile. Hapa hakuna pete."

 Mashine ya ng'ombe na mashine ya mbuzi zilikuwa zimetoa ushahidi mmoja, na shahidi wa tatu alikuwa amesimama katikati ya migomba, anatazama miguu yake.

Huruma ilinishika, nasema wazi. Nilimwona akikigusa kile kidole kitupu kwa dole gumba, akizungusha pete isiyokuwepo. Nadhani aliuona mgongo wa Antoinette chini ya sambaza, kiangazi kile. Akavuta pumzi kama mtu anayejitupa mtoni.

"Nilidanganya," akasema. "Sikukuwa mu migomba. Nilikuwa mu jiko. Nilikuwa namenya biazi."

Tukangoja kilima kianguke. Hakikuanguka.

"Tunajua," akasema Mukamana.

"Munajua nini?"

"Papa Ushindi, kila Maman Ushindi akivuka, moshi inatoka mu jiko yenu. Ulizania tunafikiri ni nani anapika? Paka?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Buhendwa akatafuta mahali pa kuweka uso wake, asipaone. Lakini Munyemana, mzunguka misitu, akakohoa. "Mimi napikaga sombe, majani ya muhogo," akasema, akitazama mbali. "Nikifunga mulango."

"Mimi ni chai tu," akasema Kamali haraka. Baadaye kidogo akaongeza, "Na maandazi."

Moja kwa moja tukaenda kwenye jalala nyuma ya jiko, ambamo maganda ya jana yalimwagwa. Huko ndiko vita halisi vilikokuwa. Jalala lile lilikuwa ngome ya adui: makopo ya nyanya, misumari ya seremala, vifuniko, waya, betri za redio. Munyemana akalishusha sinia lake juu ya ngome, na mashine ikanguruma mfululizo, maana ilivisikia vyote kwa mara moja, kama mtu anayesikiliza soko zima akitafuta sauti ya mtu mmoja. Akarudia. Ikanguruma. Akarudia tena, taratibu, kwa ustadi wake wote. Ikanguruma vilevile. Mzee akaiinua, akarudi nyuma hatua moja, na kwa heshima ambayo sitaisahau akaizima kabisa isimvuruge mwenzake.

"Kamali," akasema. "Sahani yako iko ndogo. Ingiza yako."

Kamali akapiga magoti ndani ya maganda. Ile sahani ndogo ikapita kati ya kopo na kopo, kati ya waya na waya, ikilia kwa sauti nene juu ya kila bati. Tungeweza kusikia nzi wanavyoruka. Kwa mbali, kwenye barabara ya chini, pikipiki ikakata kona na kuanza kupanda kilima.

Ikalia tofauti. Sauti moja nyembamba, fupi, safi. Kamali akarudisha sahani. Ikalia tena palepale. Buhendwa akajitupa kwa mikono miwili, akafukua maganda, akaminya rundo moja bichi, akalifungua. Pete ilikuwa humo, imekumbatiwa na ganda la kiazi.

Makelele yaliyotoka hapo yaliwafikia watu wa sokoni, naambiwa. Munyemana akapanda juu ya jiwe, akatoa hukumu ambayo wenye mashine wote wa wilaya yetu ya Rusizi hadi leo wanaitaja.

"Batu yangu! Kama unatafuta kintu yenye iko chini sana, mu shamba kubwa, kuja kwangu. Mashini ya bei bado ndio mukubwa. Lakini mu takataka, mu bintu ya nyumbani, hii ya Kamali imenipita, na muntu asiseme siku moja Munyemana alikataa. Mutoto wa mbuzi amepiga ng'ombe!" Wakakumbatiana, na mashine zao, kwa kuwa moja ilikuwa imezimwa, zikagongana bila kupigiana kelele.

Hapo Antoinette akaingia, kitenge chini ya kwapa, mfuko wa viazi kichwani, akaukuta umati ndani ya ua wake na mumewe amejaa uchafu mpaka viwikoni.

Buhendwa angeweza kusema chochote. Angeweza kuirudisha pete kidoleni na kusema tulikuwa tunafukuza panya. Alimwendea, akafungua kiganja.

"Maman Ushindi, nilipoteza pete yetu. Tumeipata sasa hivi. Ilikuwa mu maganda ya biazi. Mimi ndio nilikuwa namenya."

Antoinette akatua mzigo. Akaitwaa pete, akainusa.

"Miaka yote nikirudi Bukavu nakuta sufuria zimeoshwa," akasema. "Na chakula iko moto. Ulizania naamini ni malaika? Ninanyamazaga kwa sababu nikisema, utapata haya, utaacha." Macho yake yalikuwa yamelowa, nami nilikuwa karibu, sikubahatisha. "Siku moja tu nilitaka nikukute unafanya mulango wazi."

Akaivaa ile pete kwenye dole gumba lake mwenyewe. Akaleta kigoda, akakiweka mbele ya mlango wa nyumba, upande wa barabara. Akaweka beseni, akaweka viazi, akampa mumewe kisu.

"Nakuchungia pete. Wewe menya."

Andikeni, enyi wenye kalamu, na wasio na kalamu wawasimulie watoto wao: kwamba Jumamosi ile, kukiwa bado na mwanga, watu wanapita na kusalimia, Buhendwa baba wa Ushindi, mshinda magogo, alikaa mbele ya mlango wake akamenya viazi vyote mpaka cha mwisho, na mkewe amekaa kando yake na pete mbili. Kesho yake kanisani mkono wake ulikuwa wa kwanza kuinuka, na pete imezungushiwa uzi isiteleze tena. Munyemana sasa anapika sombe mlango wazi. Moshi wake tunauona.

Na viazi vile vya siku ya ushindi nilivionja mwenyewe, kwa kuwa sikuondoka mpaka vikaiva. Vilikosa chumvi.