Wingu Kwenye Nafasi ya Picha

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Nimefungua fomu ya maombi ya Chuo cha Hali ya Hewa niliyoituma jana, ili tu nijione nilivyopendeza. Mahali pa uso wangu kuna wingu. Wingu zuri, sikatai. Nililipiga picha mwenyewe nikianika shuka uani: jeupe, limejaa, limeinama kama linasikiliza. Lakini si mimi. Na fomu ikishatumwa haifunguki kusahihishwa. Maandishi madogo yanasema mwenye kosa apige simu ofisi ya udahili kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo maombi yake yanatupwa. Miaka thelathini na minne ninayo, kumi na mmoja nimepiga pasi kwenye duka la dobi la dada, na mlango wangu pekee wa kutokea umezibwa na wingu.

Dada akasema mdogo wangu, piga simu, sema umekosea, yaishe. Dada ana moyo mzuri, mikakati hana. Chuo gani kitamkabidhi mvua mtu aliyeshindwa kutofautisha uso wake na wingu? Nikamwachia simu mezani, nikaenda uani kufikiri. Nilifikiri mpaka nikasinzia.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Nimo kwenye ile picha. Nimefunikwa na mvuke wa kazini, basi! Nitapiga picha ya pili, mvuke ukiwa umepungua kidogo, niitume kama ushahidi.

Nikamwomba Mikunjo anipige. Ndiye mpiga pasi mwenzangu, nimempa jina hilo kwa sababu haachi kutafuta mikunjo kwenye nguo nilizonyoosha mimi. Naye ameomba chuo hichohicho. Kwenye picha yake amevaa tai. Alikubali haraka mno, ilinipasa nishtuke.

Tukawasha pasi tatu za mvuke kwa pamoja. Lo, utamu wake! Ukuta ukapotea, rafu zikapotea, Mikunjo akapotea. Nikajiona juu ya kilima, koti jeupe, naachia puto la kupimia upepo. Huko chini mji mzima unaanua nguo kwa neno langu. Ningekaa hapo mwaka.

Kisha harufu. Suruali ya mwalimu mkuu imetoboka, tena mahali ambapo hapaelezeki mbele za watu. Kwenye picha kinaonekana kidole gumba cha Mikunjo.

Jumatano, 5 Machi
Nimepewa adhabu ya kukunja foronya. Si kitu, mikono inakunja, kichwa kinatunga. Nimemwandikia mkuu wa chuo barua kutoka kwa Profesa wa Mawingu, mtu wa heshima sana niliyemzua asubuhi. Anasema wingu lile ni la aina adimu na aliyelipiga asiachwe hivihivi.

Mikunjo akaichungulia begani kwangu. Akataka kujua kwa nini profesa anaandika nyuma ya risiti ya dobi. Nimeichana.

Alhamisi, 6 Machi
Nilimhakikishia dada kwamba leo ni jua tupu. Shuka arobaini za hoteli zimelowa chapachapa. Sina la kuandika.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda chuoni mwenyewe, nimevaa koti la mteja, la buluu iliyopauka. Ukumbini kunanuka nta ya sakafu na karatasi. Dirishani nikaona chombo chenye vikombe vinne kikizunguka na upepo juu ya paa, polepole, kisha mbio, kisha polepole tena. Karani wa udahili aliniita mara tatu.

Nikamweleza habari ya mvuke, yote. Katikati maneno yakanigeuka. Nikajikuta namwambia nakitaka chuo hiki kuliko chochote, kwamba kila siku naangalia juu na sijui ninachokiona, na nataka kujua kabla sijazeeka. Macho yakanijaa machozi. Sikupanga hivyo.

Karani akaitazama lebo ya dobi iliyobaki kwenye mkono wa koti. Akasema, “Kaka, picha yako ipo. Dada yako alipiga simu Jumatatu, akatuma nyingine. Dakika mbili tu.” Akanigeuzia kompyuta. Ni mimi kweli, niko uani, natazama juu, mdomo wazi.

Maskini dada, kajisumbua bure. Ni wazi kwamba mvuke ndio uliomlainisha karani.

Jumatatu, 17 Machi
Nimechaguliwa! Barua imefika asubuhi dada akifunga begi. Akalilia kwenye taulo safi, ikabidi ifuliwe tena. Nami nililia. Mikunjo naye kachaguliwa.

Barua inasema aliyechaguliwa athibitishe kwa simu kabla ya Jumatano saa kumi, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Mikunjo kapiga papo hapo, bila aibu. Dada ameondoka kwenda kumwuguza mama, wiki mbili, na huko mtandao haushiki. Alitoa kichwa dirishani kwenye gari akapaza sauti: mdogo wangu, piga leo! Nikampungia mkono.

Nimelitafakari kwa utulivu. Kupiga leo ni kuonyesha njaa. Kesho, njaa kidogo. Jumatano kila mtu atakuwa anapiga, sauti yangu itapotea kati ya sauti za watu. Waache wajiulize kwanza yuko wapi yule mwenye wingu. Nitapiga Alhamisi, taratibu, kama mtu asiye na haraka.