Unyayo wa Paka kwenye Mkia wa Nge

Jumatatu, 10 Agosti

Leo nimefungua kamera. Kamera ya kazi, ya pekee, ile inayonilisha. Bisibisi, kibano, taa ya mezani, na moyo wa simba. Skrubu kumi na saba zimetoka. Kumi na tano zimerudi. Inawaka! Hizo mbili watengenezaji waliziweka kwa woga tu.

Shabaha ilikuwa kung'oa kioo chembamba kilichokaa ndani, nyuma ya lenzi. Kioo kichoyo. Kazi yake ni kuzuia mwanga mwekundu, na wingu ninalolitaka ni jekundu tupu. Lipo huko juu kwenye mkia wa Nge, zile nyota zilizopinda kama ndoana. Wenye elimu yao wanaliita Unyayo wa Paka. Kwa macho huoni kitu. Binti yangu alikuwa na miaka saba nilipomwonyesha kwa kidole kutoka juu ya paa. Akakodoa macho mpaka yakamtoka machozi, kisha akasema, Baba, mbona hakuna paka. Nikamwahidi picha. Imepita miaka ishirini na moja. Sikumwambia lini.

Sasa anakuja Jumamosi! Atalala usiku mmoja, Jumapili asubuhi aelekee uwanja wa ndege. Amepata kazi nchi ya mbali, mkataba wa miaka mitano. Alisema kwenye simu kwamba anataka tukae, tuongee. Nimemwelewa. Anataka paka wake.

Hesabu: picha arobaini, kila moja dakika tatu. Kompyuta itazipanga moja juu ya nyingine mpaka wingu lijitokeze. Mbao zangu mbili zenye bawaba, zinazosukumwa na mota ya saa ya ukutani ili kamera iifuate anga, ziko tayari. Mwezi haupo wiki hii. Nitashindwaje?

Jumanne, 11 Agosti

Kuna jambo sikulifikiria. Kamera ile ile ndiyo ya kupigia wateja picha za pasipoti.

Mteja wa kwanza, mwalimu. Ametoka mwekundu kama mtu aliyetoka kuzabwa makofi. Nikamwambia hiyo ni rangi ya afya. Akaondoka akijishika mashavu. Wa pili, wakili, suti nyeusi tii. Suti imetoka zambarau! Nikamweleza kwamba siku hizi majaji wote wanavaa zambarau. Akasema yeye si jaji. Akaniuliza kama ninachokiona mimi ndicho anachokiona yeye. Kisha akavuka barabara, moja kwa moja kwa Kipara.

Kipara ana studio ng'ambo ya barabara, mkabala na yangu. Miaka kumi na minne sasa. Ukuta mweupe kama wangu, kibao cha "Dakika Kumi" kama changu, ingawa changu kilitangulia. Kila asubuhi ananipungia mkono. Sijajua anatafuta nini.

Jioni akaja kuuliza kama mashine yangu inasumbua, akasema anayo kamera ya akiba, niichukue tu. Akiba! Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamjibu kwamba huo ni mtindo mpya, yeye ndiye amepitwa na wakati.

Usiku mawingu. Picha sifuri.

Jumatano, 12 Agosti

Anga safi! Nimepanda paani saa moja na nusu. Picha sita, zote nyeupe kama maziwa. Mchawi nimemjua: taa ya Kipara, ile kubwa iliyo juu ya mlango wake. Paani kwangu unaweza kusoma gazeti, hata matangazo ya vifo.

Kumwomba azime? Kamwe. Nimemwandikia barua. Nimeandika kwa mkono wa kushoto ili nisitambulike, nikatia saini "Wakazi Wenye Uchungu". Nimesema taa hiyo inavuta nyoka. Nimeitumbukiza chini ya mlango wake kabla hakujapambazuka, nikarudi kwa kunyata. Kazi safi kabisa.

Alhamisi, 13 Agosti

Kipara amekuja saa mbili asubuhi. Akasema amepata barua, ameisoma mara mbili, na kuanzia leo atazima taa saa moja jioni. Akaongeza kwamba aliyeandika angebisha hodi tu, yeye angeizima tangu mwaka juzi. Alikuwa ananitazama mimi. Kwa nini mimi?

Alipoondoka nikaangalia bahasha zangu. Zote zina muhuri wa studio nyuma. Wa bluu. Mkubwa.

Pia alinialika kesho tule pamoja. Eti sufuria yake haijajifunza kupika chakula cha mtu mmoja. Nikakataa. Mtu hazimi taa yake bure, halafu akupikie juu yake. Kuna kitu.

Usiku: giza zuri ajabu. Picha kumi na moja safi, kisha umande ukaifunika lenzi na nyota zikawa pamba. Hata hivyo, kumi na moja!

Ijumaa, 14 Agosti

Mvua. Mteja hakuna hata mmoja. Habari za rangi ya afya zimeenea.

Nimetumia siku kupiga picha za giza. Kila kamera ina chembe zake za uongo, nyota ambazo hazipo. Unafunika lenzi, unapiga giza tupu, na kompyuta inajifunza kipi cha kuondoa. Ila kamera lazima iwe na ubaridi wa usiku, kwa hiyo nimeifungia ndani ya friji, kati ya maziwa na nyanya. Picha ishirini za giza. Zimetoka vizuri mno.

Nimefagia nyumba. Nimefuta vumbi viti vyote vinne. Kimoja tu ndicho kilichokuwa hakina vumbi. Nilikaa kwenye kile cha marehemu mke wangu, nikatazama chumba kutoka upande wake. Alikuwa ananiona mimi na dirisha. Nimemkumbuka sana leo. Basi.

Jioni nimekuta sahani mlangoni, imefunikwa, bado ya moto. Kipara. Nimekula ili nijue anapanga nini. Chumvi kidogo. Sahani nimebaki nayo kama ushahidi.

Jumamosi, 15 Agosti

Amekuja saa tano! Amekonda. Ana mwendo wa mama yake, ule wa kuingia chumbani kama anayetafuta kitu alichosahau. Ameniletea shati jeupe, zuri, la pamba. Akaniambia nilivae leo leo.

Mchana tumekunywa chai. Akaanza kusema kwamba jambo la safari bado linamzunguka kichwani, kwamba miaka mitano ni mingi, na mimi si kijana. Nikachungulia dirishani. Hakuna wingu hata la dawa! Nikamwambia tutaongea baadaye.

Jua lilipozama nikahitaji kitambaa cheupe cha kufunika lenzi, ili nipige picha za weupe mtupu. Hizo huionyesha kompyuta vumbi liko wapi. Shuka langu lina maua. Nikalichukua lile shati, nikalivuta likakaza, nikalifunga kwa mpira. Limefanya kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kutumia! Nikamwita aone. Alitazama, akasema kumbe limekutosha.

Saa mbili akapanda ngazi kunifuata paani. Akaniuliza akae au ashuke. Nikamwambia akae, ila asipumue karibu na lenzi. Akauliza kama Nge bado yuko pale pale. Nikamwonyesha. Tukakaa tukimtazama, na nakiri, ilikuwa raha. Kisha akauliza akiondoka nitakuwa nakula na nani. Nikamwambia asogee kushoto, anakanyaga mbao. Akasema, Baba, ukiniambia nibaki, nitabaki. Alisema huku akipiga hatua kunijia, paa likatikisika, na picha ya ishirini na tisa ikaharibika! Nyota zote mkia mkia! Nilipaza sauti, nadhani. Akashuka.

Nilimwandalia paka wake. Mtu hawezi kumwandalia mtu kitu na hapo hapo akawa anaongea naye.

Saa nne nikasikia anacheka huko chini. Kipara amefuata sahani yake. Amekaribishwa chai, kwenye kiti cha tatu. Wameongea mpaka saa tano. Sikusikia maneno, nilisikia vijiko tu.

Mtikisiko ule ulihamisha mbao, na kila picha iliyofuata ikatoka na mkia; Nge alipozama nilikuwa na zile ishirini na nane safi tu. Jumlisha kumi na moja. Thelathini na tisa! Moja pungufu! Nikashuka. Meza ilikuwa imeandaliwa kwa wawili, chakula changu kimefunikwa. Yeye amelala kichwa mezani, anakoroma kidogo kama mama yake. Nilisimama pale muda mrefu. Nikamfunika kwa lile shuka la maua, kisha nikaenda kuhamisha picha kwenye kompyuta.

Jumapili, 16 Agosti

Asubuhi akaomba aone paka. Nikakataa. Picha thelathini na tisa si arobaini. Akasema hata nusu yake inamtosha. Nikamwambia kazi isiyokamilika haionyeshwi, akirudi atamkuta kamili, na vidole vyote. Akasema sawa, Baba. Nilijisikia mtu mwenye msimamo.

Kumbe bado ana haja ya picha mbili za pasipoti za kukabidhi huko aendako. Angeweza kupiga popote, ila alitaka za mkono wangu. Kwa kamera yangu angetoka mwekundu na koti zambarau, wangemrudisha mpakani. Ikabidi nivuke barabara. Miaka kumi na minne sijawahi kuvuka mchana kweupe. Sikumaliza sentensi, Kipara akaniwekea ile kamera ya akiba mikononi, betri imejaa. Ujanja wa hali ya juu.

Nikamkalisha binti kwenye kigoda, mbele ya ukuta mweupe. Usitabasamu. Usipepese. Kidevu juu kidogo. Nitazame mimi. Alinitazama. Nikapiga haraka, maana teksi ilishapiga honi.

Picha zikatoka nne kwenye karatasi. Nikakata mbili, nikaanza kutafuta bahasha isiyo na muhuri. Nilipotoka nje, Kipara alikuwa ameshapakia sanduku. Binti alinikumbatia, muda mrefu, kwa nguvu, hadi mkasi ukanichoma mfukoni. Akaniambia nile. Nikamwambia asikunje picha.

Teksi imekata kona saa tatu na dakika sita. Kipara akauliza kama ningependa chai. Nikasema nina kazi.

Jumatatu, 17 Agosti

Imetokea! Saa kumi alasiri kompyuta imemaliza kupanga. Kwanza weusi, kisha wekundu hafifu, kisha vidole. Vidole vitatu na kisigino, vimekanyaga kwenye giza kama paka amepita sasa hivi na miguu ina rangi. Nikasema kwa sauti, mwanangu, njoo uone!

Nilisema hivyo. Chumba kizima kilinisikia.

Sitamtumia. Bado moja. Nge atakuwepo juma hili lote, nikipata anga naipata ya arobaini.

Saa moja jioni taa ya Kipara imezimwa, kisha nikasikia hodi. Nikazima yangu pia, nikatulia tuli kwenye kiti. Akasema kupitia mlango kwamba binti yangu alimwomba awe anaangalia kama nimekula, na sahani ameiweka chini. Nikazuia pumzi mpaka hatua zake zikavuka barabara. Sitegwi kwa wali, mimi.

Nilipokuwa nakula nikazichukua zile picha mbili za pasipoti zilizobaki. Nikazitazama kwa kioo cha kukuzia, kikazi tu. Macho mekundu! Yote mawili! Na chini ya jicho la kushoto kuna doa linalong'aa.

Kamera yangu haihusiki, hii ni ya Kipara! Kumbe hata yeye kioo chake kibovu! Miaka yote hiyo ananipungia mkono, kumbe anawatoa watu macho mekundu. Nimecheka peke yangu mpaka nikapaliwa.

Nimeifungua ile picha kwenye kompyuta, nikaisafisha kwa ufundi ule ule wa kuondoa nyota za uongo. Wekundu nimeutoa. Doa nimelifuta, kazi ya dakika mbili. Sasa ametulia, macho meupe, hana neno na mtu. Nimeichapa na kuibandika juu ya meza, kando ya kompyuta, karibu na paka.

Kesho nitamwambia Kipara, kwa upole, akaichunguze kamera yake.