Cheti cha Kwanza cha Kujua Maktaba

Kurugenzi ya Upimaji wa Ujifunzaji ilikuwa na furaha kuutangazia umma wote wa chuo kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza sasa wanajua kutumia maktaba, isipokuwa wale waliowahi kuingia ndani yake.

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa kantini, juu ya bei ya chai, ili kila mtu alione. Aliyeliandika ni Mkurugenzi mwenyewe, mtu mrefu wa suti ya rangi ya majivu, mwenye rula ya chuma mfukoni ambayo hakuna aliyewahi kumwona akipimia kitu. Wanafunzi walimwita Rula. Yeye alidhani ni heshima.

Siku hiyo Rula alikuwa na haki ya kujipongeza. Jopo la ithibati lilikuwa njiani kuja kukikagua chuo. Likiiridhia ripoti yake, yeye angepanda kuwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, na mafunzo ya maktaba yangefutwa, kwa kuwa ripoti ilithibitisha kitaalamu kwamba wanafunzi hujifunza vizuri zaidi wasipofundishwa. Chumba cha mafunzo kingepewa Kurugenzi. Kurugenzi ilikuwa imebanana. Ilikuwa na wapimaji wengi kuliko viti.

Mafunzo hayo yaliendeshwa na mkutubi mmoja, mama wa makamo aliyeitwa Mama Kimya kwa sababu sauti yake ilisikika mpaka getini. Kazi yake ilikuwa kuwachukua wanafunzi wapya, kuwaonyesha namba zilizo kwenye migongo ya vitabu na namba zilizo kwenye rafu, kisha kuwasukumia ndani. "Asiyepata asitoke," aliwaambia. Wakitoka, wamejua.

Rula alipomtembelea mara ya kwanza, kabla hata ya kuwepo tangazo, alikwenda na kalamu mkononi.

"Una ushahidi gani kwamba wamejifunza?"

"Namtuma mtu kitabu, anarudi nacho."

"Hicho ni kitabu, mama. Mimi naomba ushahidi."

"Sasa ulitaka arudi na nini, mbuzi?"

Rula aliandika: mkufunzi hana zana za upimaji.

Kamati ikaundwa. Ikakaa, ikanywa maji ya chupa, ikatunga mtihani: kila mwanafunzi apewe jina la kitabu, akilete. Wakavileta. Wote. Kamati ilishtuka, maana mtihani unaofaulisha kila mtu una kasoro. Uchunguzi ulifanyika, na kilichogunduliwa kiliwaacha wanakamati midomo wazi. Kila kitabu kilikuwa na namba yake mgongoni, mchana kweupe. Rafu nazo zilikuwa na namba zile zile. Mwanafunzi hakuhitaji kufanya lolote zaidi ya kusoma na kufuata. Majibu ya mtihani yalikuwa yameachwa hadharani miaka nenda miaka rudi, na hakuna mtu aliyewahi kuchukuliwa hatua.

"Huu ni uvujaji wa mtihani," alisema Rula, "tena wa kimfumo."

Basi wakaletwa vibarua na selotepu ya kahawia, ile ya kufungia maboksi. Wakafunika namba zote, kitabu kwa kitabu, rafu kwa rafu. Kompyuta yenye orodha ya vitabu ikageuziwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Mlangoni ikabandikwa kanuni mpya yenye sahihi ya Rula: Mtahiniwa haruhusiwi kusaidiwa na yeyote. Mtahiniwa atakayebandua selotepu atahesabiwa amevujisha mtihani, na atarudia mafunzo kuanzia mwanzo, bila kujali cheo cha mzazi wake.

Mama Kimya aliisoma akiwa ameshika kiuno.

"Sasa watu watapataje vitabu?"

"Hilo ndilo tunalolipima."

Katika mtihani wa pili hakuna aliyepata alichotumwa. Mwanafunzi wa sheria alitumwa katiba, akatoka na ufugaji wa nyuki, amechoka lakini ana cha kusoma. Kamati ilifurahi sana. Sasa huo ulikuwa mtihani. Tatizo ni kwamba ripoti haiwezi kupelekwa kwa jopo ikiwa imejaa sifuri, na hapo ndipo Rula alipoonyesha kwa nini yeye ni mkurugenzi na wengine si wakurugenzi. Kumtuma mtu kitabu, alieleza, ni mbinu ya kizamani. Mbinu ya kisasa ni kumuuliza mwenyewe.

Likachapwa dodoso lenye swali moja la maana: Unajiamini kwa kiwango gani kwamba ungekipata kitabu, kama kingekuwepo na kama ungekihitaji? Wanafunzi walilijaza kantini wakisubiri chai. Walijiamini kupita kiasi. Waliosita ni wale wachache waliokwisha kuingia maktaba, na Kurugenzi ikawawekea kundi lao: walioathiriwa na uzoefu. Waliobaki walipewa vyeti. Cheti cha kwanza kabisa Rula alijitunuku mwenyewe. Alijijazia dodoso, akajiamini kabisa, akakitia cheti kwenye fremu na kukitundika nyuma ya kiti chake.

Nyumbani mambo hayakuwa ya kisasa hivyo. Binti yake alikuwa mwaka wa kwanza chuoni hapo hapo.

"Baba, nina insha ya Ijumaa. Kitabu sikipati."

"Si una cheti?"

"Ninacho. Kitabu ndicho sina."

"Kwenye dodoso ulisema unajiamini."

"Baba, ulikuwa umesimama nyuma yangu."

Mkewe alikuwa kwenye jiko, anageuza mayai. "Nami nitafunika maandishi ya makopo yote humu," alisema bila kugeuka. "La chumvi, la sukari, la sabuni ya unga. Halafu niulize kama najiamini. Ila chai utainywa wewe."

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu," alisema Rula.

"Ndiyo maana mtoto hana kitabu."

Rula alimaliza mayai yake. Mkewe naye aliathiriwa na uzoefu.

Jopo lilifika likiongozwa na bibi mmoja mfupi aliyevaa raba nyeupe. Alikaa ofisini kwa Rula akasikiliza michoro ikielezwa, ile ya duara na ile ya ngazi, bila kupiga miayo hata mara moja, jambo lililomtia Rula moyo. Kisha akanyoosha kidole ukutani.

"Baba, hicho cheti ni chako?"

"Changu. Cha kwanza kabisa kutolewa."

"Hongera. Kinasemaje?"

Rula alikisoma kwa sauti ya kuapishwa: "Mwenye cheti hiki anao umahiri wa kupata kitabu chochote maktabani."

"Basi tupatie kimoja. Sikuchoshi, usiende mbali. Tasnifu yako ya udaktari. Nimeambiwa nakala iko humo."

Rula alicheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa na shemeji. Alieleza kwamba upimaji wa kisasa hauendi maktabani, unaenda kwenye dodoso.

"Dodoso nimelisoma," alisema bibi wa raba. "Najiamini kwamba utaipata."

Wakashuka wote. Ukumbi ulikuwa umefungwa selotepu kila mahali, kama wodi ya majeruhi. Rula aliingia kifua mbele. Tasnifu yake aliikumbuka vizuri: ilikuwa na jalada la buluu. Alipofika kwenye rafu za tasnifu alikuta zote zina jalada la buluu. Alivuta moja, ikawa ya mtu mwingine. Akavuta nyingine. Jasho likaanza kumtoka kwenye kola. Akarudi mpaka kaunta, akainama.

"Mama, nielekeze kidogo."

Mama Kimya, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alinong'ona. "Mtahiniwa haruhusiwi kusaidiwa na yeyote."

"Mimi ndiye niliyeiandika hiyo kanuni."

"Ndiyo maana naiheshimu, Mkurugenzi."

Karibu na dirisha binti yake aliinamisha kichwa, akasoma kitabu ambacho hakuwa amekifungua. Rula akarudi ndani. Jopo likakaa kwenye viti vya wasomaji na kusubiri. Ukumbi ukatulia. Halafu, kutoka nyuma ya rafu za mwisho, ikasikika sauti ndefu, kali, ya kitu kinachochanika. Selotepu ya kahawia haibanduki kimya kimya.

Walimkuta amechuchumaa, vipande vya selotepu vimemganda kwenye mikono ya suti, kimoja kwenye nyusi.

"Unafanya nini, baba?" aliuliza bibi wa raba.

"Nakagua ubora wa gundi."

Bibi alikwenda mlangoni, akaisoma kanuni, akarudi taratibu. Uamuzi wa jopo ulikuwa mfupi kuliko ripoti. Mkurugenzi amevujisha mtihani na atarudia mafunzo kuanzia mwanzo. Mafunzo hayawezi kufutwa, kwa kuwa tayari yana mwanafunzi. Selotepu zibanduliwe zote, na wa kuzibandua ni Kurugenzi, kwa kucha zao. Ama kuhusu kupanda cheo, jambo hilo litafikiriwa mtahiniwa akishafaulu mwaka wa kwanza.

Jumatatu Rula alikaa mstari wa mbele, magoti yakigonga meza ya watoto wa watu. Binti yake alikaa nyuma kabisa na kujifanya hamjui. Mama Kimya alionyesha namba za migongoni, akaonyesha namba za kwenye rafu, kisha akawasukumia ndani.

Wenzake walirudi mmoja mmoja na vitabu. Binti alirudi na cha insha. Rula alikuwa wa mwisho, na alikuja mikono mitupu, suti imejaa vumbi, uso wa mtu mwenye habari njema.

"Kitabu kiko wapi?"

"Sikukipata," alisema Rula. "Lakini najiamini sana."

Mama Kimya alimgeuza kwa bega, akamwelekeza kwenye rafu.

"Rudi ndani, baba."