Kiti Karibu na Meneja

Jumatatu, 9 Juni

Dada yangu Jelagat amenipa hadi Jumapili. Nipate kazi, la sivyo nirudi kwa baba Kapsokwony nikakamue ng'ombe. Mimi, Noah, mwenye diploma ya biashara! Ati amechoka kuniona kwenye kochi lake hapa Kitale tangu Krismasi. Haelewi. Kazi siku hizi haziko magazetini, ziko midomoni mwa watu wanaojuana. Swali ni moja tu: wakubwa hukaa wapi bila bawabu wala sekretari? Nimewaza hadi chai ikapoa. Matangani! Huko meneja huketi mchana kutwa na hawezi kukimbia.

Alhamisi, 12 Juni

Mazishi Misikhu. Marehemu simjui, lakini suti ninayo. Ilinifikisha moja kwa moja hadi hema la wageni wa heshima, kando ya Bwana Ndirangu, meneja wa kampuni ya mbegu za mahindi. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema ushauri, kaunti kadhaa. Akauliza nilimjuaje marehemu. Nikasema tulikuwa kama ndugu.

Kosa langu ni kulisema kwa sauti. Mjane alisikia, akaanza kulia upya, na wazee wakaamua kwamba rafiki wa namna hiyo hawezi kunyimwa heshima ya mwisho. Wakanipa sepetu. Nilifukia kaburi nikiwa na suti, na matope ya Misikhu si mchezo. Nilipoinua kichwa, meneja ameshaondoka. Si neno. Nimesikia Jumamosi atakuwa mazishini Mabanga.

Jumamosi, 14 Juni

Nilifika Mabanga alfajiri nijichagulie kiti. Viti hakuna. Hema hakuna. Mama Phelista wa Bungoma, anayekodisha mahema, viti na vipaza sauti, alikuwa ameketi kwenye lori lake ameshika tama. Msimamizi wake ameacha kazi jana bila kuaga, na vijana wa kubeba wanatazamana tu. Nikaona hatari: bila hema la wageni, hakuna meneja! Nikavua koti. Nikawapanga vijana, nikafoka, nikafunga kamba, nikajaribu vipaza sauti. Waombolezaji walipofika kila kitu kilikuwa tayari, na kiti changu kimegusana na cha Ndirangu.

Akaja. Kabla sijafungua mdomo, akaniinamia sikioni. Ati mkataba wake uliisha Aprili. Ati yeye pia huja matangani kutafuta watu. Ati mshauri wa kaunti kadhaa hawezi kukosa nafasi ya kumpa. Akanikabidhi bahasha ya vyeti vyake. Nikaahidi kuangalia.

Baada ya chakula Mama Phelista aliniita kando. Anataka niwe msimamizi wake, nianze Jumatatu, mshahara wa kila mwezi. Nikamshukuru kwa upole, nikamweleza kwamba mimi ni mtu wa ofisi, leo nilikuwa nasaidia tu. Akauliza kama namjua mtu mwingine. Ili aniondokee, nikampa bahasha ya Ndirangu.

Jumapili, 15 Juni

Jelagat aliposikia nimekataa kazi hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Alisema mchagua jembe si mkulima, akanifungia begi kwa mikono yake.

Naandika haya Kapsokwony. Baba ameshanionyesha ng'ombe nitakayeanza naye kesho. Ana mateke. Nimelia kidogo nyuma ya zizi, sioni haya kuandika.

Jioni Ndirangu akapiga simu. Ananishukuru sana, Mama Phelista amemwajiri na anaanza kesho. Halafu moyo ukachangamka. Miezi hii yote nilichokosa ni mkubwa mmoja anayenijua, na sasa ninaye! Nikamwomba aniombee kazi kwa Mama Phelista. Akasema kwa sasa wanahitaji mtu wa kubeba viti.

Nimemwambia nitalifikiria, ila aulize kwanza kama kuna ya ofisini.