Marehemu wa Pili Aliyekataa Kuanguka

Sydenham, Durban
14 Oktoba 2013

Kwa Ndugu Godson,
Mwandishi, Mwongozaji, Mpiga Picha na Mpishi wa Damu,
Filamu ya "Boga Lina Meno"

Mheshimiwa Mwongozaji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, tofauti na watu wote uliowaweka kwenye filamu yako.

Mimi ni Pierre-Claver Ninahazwe, kinyozi, mkimbizi kutoka Burundi, baba wa Spès, na mpaka Jumamosi iliyopita nilikuwa Marehemu wa Pili. Umeniondoa na kumweka Alain. Habari hiyo sikuipata kwako, niliipata kwa mteja niliyekuwa nimeshamnyoa nusu kichwa, na nusu iliyobaki haikutoka vizuri. Naomba unirudishe kabla ya tarehe 31, filamu itakapoonyeshwa ukumbini mbele ya kanisa zima, kwa sababu Spès amekwisha kuliambia darasa lake lote kwamba baba yake ni mwigizaji. Tena naomba nirudi nikiwa hai mpaka mwisho.

Nia yako naijua ni njema. Ulitukalisha kwenye makreti ya bia ukatueleza kwamba unaziheshimu zile filamu za Wamarekani za miaka ya themanini: vijana wanakwenda kupiga kambi, mtu mwenye kinyago anawachinja mmoja mmoja, msichana mmoja anabaki. Filamu hizo nilizijua kabla wewe hujazaliwa. Bujumbura tuliziangalia kwenye kibanda cha video, tukicheka mpaka mwenye kibanda anatishia kuzima mashine. Tulicheka kwa sababu wakati ule hakuna aliyekuwa ametukimbiza bado. Sasa nina uzoefu, na ndio unaonilazimisha kuandika.

1. Muuaji anatembea. Hardy, ndani ya kile kinyago cha kuchomelea vyuma kilichoazimwa kiwandani Pinetown, anakwenda kama mtu anayetoka kula, lakini wanaokimbia anawakuta mbele. Haraka haraka haina baraka, sawa, ila methali haina nguvu kiasi hicho. Najua Hardy anapakua makontena bandarini wiki nzima na miguu inamuuma, kwa hiyo atembee. Lakini usiseme anatisha. Waliotukimbiza sisi wageni hapa Durban mwaka 2008 walikuwa wengi, walikimbia vizuri sana, na walituita kwa majina kwa sababu walikuwa majirani.

2. Hakuna anayebeba makaratasi. Hili liliniumiza kuliko damu yako ya nyanya na juisi ya bitiruti. Watu sita wanakimbia kutoka katika nyumba moja, na hata mmoja hagusi kibali chake. Mgeni gani wa Durban anatoka mbio bila ule mfuko wa plastiki wenye kibali, cheti cha ubatizo na picha nne za pasipoti? Kwetu mfuko unakaa kwenye msumari karibu na mlango, hata mtoto anajua. Ukinusurika kisu na huna karatasi, umejiokoa ili ukamatwe. Ndiyo maana siku ile ya kupiga picha niliuchukua mfuko wangu, na ndiyo maana nilimshika mkono Laurette pia, marehemu mwenzangu, ambaye kwa mujibu wa ratiba yako alikuwa afe dakika ya thelathini. Umesema niliharibu filamu. Mimi nasema niliokoa watu wawili na vibali vya nyumba yangu yote.

3. Kuanguka. Uliniagiza nianguke getini. Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Lakini Hardy alipotokea nyuma ya tangi la maji na kile kisu cha karatasi ya kung'aa ya kuchomea nyama, miguu haikuniomba ruhusa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilipita geti, nikapita duka, nikafika kwenye robot, zile taa za barabarani, na Hardy nyuma yangu ameinua kinyago anapiga kelele, "Papa Spès, simama, iko filamu tu." Dereva mmoja wa taxi alifunga breki akaniuliza, "Eish, baba, uko sharp?" Nilikuwa sharp, mzima kabisa. Ulinirudisha mara saba, na mara saba sikuanguka. Anayekimbia kuokoa roho yake haanguki, Ndugu Godson. Yule Sia, nyota wako, anaanguka mara tatu kwenye zulia, na zulia lenyewe halina hata mkunjo.

4. Kabati. Marehemu wa Nne anamwona muuaji, mlango wa nyuma uko wazi, na yeye anaingia kwenye kabati la nguo. Watu wataona haya ukumbini. Hakuna mwanamume mwenye mke na mtoto anayejificha kabatini wakati nje watu wanapiga milango. Likate hilo.

5. Orodha ya marehemu. Wakongo wanne, Mrundi mmoja, Mnyarwanda mmoja. Anayebaki hai ni Sia, Mtanzania mwenzako, ambaye nasikia utamchumbia Disemba. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hilo tumelizoea kwenye foleni za vibali na kwa wenye nyumba. Sikujua kwamba hata tukiuawa kwa utani, na Mswahili mwenzetu, kwa damu tuliyosaga wenyewe kwenye blenda ya mke wangu, bado foleni ya kufa tunatangulizwa sisi.

Kwa hiyo napendekeza mwisho mpya. Marehemu wote sita wasife. Wachukue mifuko yao, watoke kwa mlango wa nyuma, wapande gari moja. Muuaji abaki peke yake katika nyumba isiyo na umeme, azunguke vyumba vyote, na polisi wakija wamwombe yeye kibali. Aseme kwamba, kama ulivyomwandika, aliibuka kutoka ziwani na hajawahi kupewa karatasi. Hapo ndipo watu wetu watakapopiga mayowe ya kweli. Na kama fedha za mwisho huo hazipo, usijali, kwa sababu usiku wenu wote mmeupiga picha saa nane mchana kwa kufunika kamera na karatasi ya bluu ya kufungia zawadi, na hakuna aliyelalamika.

Usiponirudisha nikiwa hai, nitalazimika kuwaeleza wateja wangu wote yaliyomo ndani ya damu, na filamu haitamtisha mtu kuanzia hapa mpaka Overport.

Nawasalimu Sia, Hardy na miguu yake, Laurette niliyemwokoa, kwaya yote, na Alain pia, ambaye nasikia anaanguka vizuri mno.

Ni mimi, mtu aliye hai,
Pierre-Claver Ninahazwe

Nyongeza: Barua hii ilikuwa iletwe kwako kanisani na Bernadette, mke wangu, naye habebi barua asiyoisoma. Ameisoma akiwa amesimama jikoni. Kisha ameniambia hataibeba mpaka niandike yafuatayo.

Mwaka 2008, siku milango ilipopigwa, aliyeuchukua mfuko kwenye msumari ni yeye. Aliyemfunga Spès mgongoni ni yeye. Alifika getini, akahesabu watu, akaona tumepungua mmoja, akarudi ndani. Alinikuta kabatini, katikati ya magauni yake. Alinitoa kwa kunishika ukosi wa shati. Getini nilianguka, nikainuliwa, nikaanguka tena, na hapakuwa na zulia.

Kwa hiyo futa namba 2, namba 3 na namba 4. Kabati liache kama lilivyo. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, lakini Bernadette hajanicheka hata siku moja kwa miaka mitano, na mbele ya watu amekuwa akiniacha nisimulie nipendavyo. Hilo ndilo limeninyima usingizi tangu Jumamosi. Sikuwa nikimkimbia Hardy, nilikuwa nikilikimbia kabati.

Nimemwambia nitakuomba umpe yeye nafasi ya yule anayebaki hai. Amekataa. Amesema, "Mwambie Godson hiyo nilikwisha kuifanya, inatosha." Kisha ameuliza kama blenda yake itarudi.

Mimi niue tu, dakika ile ile uliyonipangia mwanzo. Jumamosi sitafungua saluni. Nitakuja asubuhi, mikono mitupu, bila mfuko, nianguke utakaponionyesha.