Bastola Ilizaliwa Nyuma ya Kisima Chetu

Jumatatu, 1 Oktoba
Leo nimefanya jambo kubwa. Mimi, Bohumír Šafránek, mwandishi wa kitabu cha kumbukumbu za kijiji, kama baba yangu alivyokuwa kwa miaka thelathini. Jana kwenye baa alipita Mwingereza wa baiskeli. Kasema amesoma mahali kwamba neno lao “pistol” huenda lilitoka kwetu Ucheki, kwenye píšťala, yaani filimbi. Ndivyo wakulima wa Vita vya Wahusi, vita vyetu vya dini, walivyoliita bomba lao la kufyatulia risasi, miaka mia sita iliyopita. Wakulima wa wapi? Hakusema. Basi nimesema mimi. Nimeandika kitabuni, kwa wino, kwamba neno hilo lilizaliwa hapahapa, nyuma ya kisima cha akina Šafránek. Kijiji jirani wana sanamu ya samaki tu. Wakome!

Jumanne, 2 Oktoba
Balaa. Mwalimu Hrubešová amekisoma. Mstaafu huyu anakimezea mate kitabu changu tangu baba afariki. Kaja na kamusi nene kama tofali, akavua viatu mlangoni, akavaa ndara za wageni, akanisomea palepale ukumbini. Wengine husema filimbi ya Kicheki, sawa. Wengine husema mji wa Pistoia, kule Italia, na kwamba neno lilianza kwa jambia lililofuliwa huko. Jambia! Pengine likawa hata jina la sarafu. Kisima chetu hakimo. Nikamwambia kamusi nayo iliandikwa na watu tu. Akakubali, akaongeza kwamba ni watu waliosoma.

Kurasa za kitabu cha kijiji zina namba na muhuri. Kuchana ni kosa, kufuta ni kosa. Mwenyekiti wa kijiji, Bi Prchalová, ameamua: nilete ushahidi kwenye kikao cha Jumamosi, la sivyo kitabu kinahamia kwa Mwalimu. Kitabu cha baba! Nimekula sahani mbili tu.

Jumatano, 3 Oktoba
Ushahidi upo. Yaani, utakuwepo. Kipande cha bomba la maji, ncha moja imezibwa: ndiyo píšťala ya wakulima. Tangu alfajiri kimelowa kwenye maji ya achari ya matango, na kutu inashika vizuri. Vlasta, mke wangu, kauliza kwa nini matango yake yamebaki makavu. Nimemwambia ni sayansi. Kasema basi sayansi inipikie chakula cha mchana. Kipande nimekifukia kwenye viazi, mstari wa nne.

Alhamisi, 4 Oktoba
Nimewaalika Mwenyekiti na Mwalimu waje kunisaidia kuvuna viazi. Nilishafanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo. Mwalimu ndiye aliyekigonga kwa jembe. Kabla sijashangaa, alitupa jembe, uso umempauka, akatuamuru tusiguse kitu. Mjomba wake alipoteza mkono hivyohivyo, kwa bomu lililobaki shambani, mwaka mmoja baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwenyekiti akapiga simu polisi.

Mungu wangu! Mtaa mzima ukahamishwa. Bibi Anežka, miaka tisini, kabebwa pamoja na kitanda chake hadi baa. Mwalimu kakaa benchini akitetemeka. Kanishika mkono, kaniambia nishukuru kwamba si mimi niliyechimba. Nilitaka kusema. Nikanyamaza saa tatu nzima.

Hatimaye mtaalamu wa mabomu akaja kutoka shambani, kofia kwapani, kipande mkononi. Akauliza mbele ya watu wote:

“Kombora hili lina muhuri wa kiwanda wa mwaka 1974, na linanuka achari. La nani?”

Vlasta akawa wa kwanza kunitazama. Kisha kijiji kizima.

Ijumaa, 5 Oktoba
Polisi wamenikaripia kama mtoto. Mwenyekiti kasema kabla sijakabidhi kitabu niandike humo mkasa wote kwa mkono wangu, nije niusome kikaoni. Dukani Mwalimu aliponiona aliacha mkate wake kaunta, akatoka. Imeniuma. Imeniuma kuliko kitabu.

Jumamosi, 6 Oktoba
Nimesoma. Achari, kioo, kitanda cha Bibi Anežka. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kisha nikafika pale nilipoandika kwamba Mwalimu alitetemeka, na mimi niliyejua nikanyamaza. Kicheko kikakatika. Nikafunga kitabu, nikamsogezea Mwalimu.

Akaweka kiganja juu ya jalada.

“Mimi ningeuruka ukurasa huu, Bohumír,” akasema. “Baba yako aliruka nyingi kama huu, hakuziandika. Kaa nacho.”

Mwenyekiti akagonga muhuri. Nimelia mbele ya watu, na sioni haya. Nimeapa: kuanzia leo ni ukweli mtupu.

Jumapili, 7 Oktoba
Nimetulia, nimeyatafakari makosa yangu. Kosa lilikuwa moja tu: bomba lilikuwa dogo mno, ndiyo maana likafanana na kombora.

Mwalimu, kwa wema wake, kaniazima ile kamusi. Kumbe hata neno la Waingereza la mzinga mfupi, “howitzer”, asili yake ni Kicheki! Limetoka kwenye neno letu la kundi la watu. Kundi la wapi? Kamusi imenyamaza. Na mzinga ni mkubwa, hakuna atakayeutilia shaka. Kesho asubuhi naenda kwa muuza vyuma chakavu kuulizia magurudumu mawili.